Mwanamke wa Utaji: Maisha ya Siri ya Sarah Slater

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyopigwa Marekani tangu mwaka 1861 mpaka mwaka 1865, wanawake wa pande zote mbili walichukua barua, walisikiliza maneno ya maafisa mezani, na walivuka mistari ya majeshi wakiwa na habari zilizofichwa katika nguo zao. Baadhi yao walipata sifa ambayo haijafifia hata leo. Rose O'Neal Greenhow, mjane wa Washington, alikamatwa mwezi wa Agosti 1861, akafungwa, akaachiliwa, na mwaka 1863 akachapisha London kitabu cha kifungo chake. Belle Boyd wa Virginia alifuata mfano huo. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1865, na baada ya vita alipanda majukwaani akajipatia riziki kwa kusimulia visa vyake. Wawili hawa waliutumikia upande wa Kusini kwa ushujaa, lakini katika kazi ya upelelezi sifa yenyewe ni kasoro. Mpelelezi anayejulikana ni kama mtego ulioanikwa juani. Hata ndege mjinga huupita kando.

Sarah Slater alikuwa wa namna nyingine. Hakuandika kitabu, hakupanda jukwaani, wala hakusimama kizimbani. Alitumika kwa miezi michache tu, tangu Januari mpaka Aprili 1865, akichukua nyaraka za serikali ya Kusini kati ya Richmond na Montreal. Kisha akatoweka kama moshi. Kwa muda wa zaidi ya miaka 100 alijulikana kwa maneno ya watu wengine tu, na wengi wa watu hao walisema habari zake wakiwa na hofu ya kamba shingoni mwao. Maisha yake yanastahili kuchunguzwa, si kwa sababu aligeuza mwendo wa vita, maana hakuugeuza, bali kwa sababu yanaonyesha jinsi siri moja inavyoweza kumwokoa mtu mmoja na kumponza mwingine.

Kabla ya kumfuata njiani, yafaa jambo moja lisemwe wazi. Majimbo 11 ya Kusini yalijitenga na Muungano yapate kuulinda utumwa. Hesabu ya watu ya mwaka 1860 ilionyesha kwamba karibu watu milioni 4 katika Marekani walikuwa mali ya watu wengine. Alexander Stephens, makamu wa rais wa serikali ya Kusini, alitangaza mjini Savannah mwezi wa Machi 1861 kwamba serikali yao mpya ilisimama juu ya itikadi kuwa mtu mweusi si sawa na mtu mweupe, na kwamba utumwa ndiyo hali yake ya asili. Kila barua iliyochukuliwa kwa ajili ya serikali hiyo, hata ikichukuliwa na mikono laini ya mwanamke kijana, ilichukuliwa kwa faida ya jambo hilo. Ushujaa ni sifa ya mtu. Haki ni sifa ya shauri analolitumikia. Mambo haya mawili mara nyingi huonekana pamoja, lakini si pacha.

Sarah hakuwa mtoto wa Kusini. Alizaliwa Connecticut, jimbo la Kaskazini, mwaka 1843, akaitwa Sarah Antoinette Gilbert. Alisema Kifaransa vizuri, na lugha hiyo baadaye ilikuwa ngao yake. Kabla ya vita alihamia North Carolina pamoja na baba yake na kaka zake, na mwaka 1861, vita vilipokuwa vimekwisha kuanza, aliolewa na Rowan Slater, mwalimu wa dansi. Mume aliingia katika jeshi la Kusini. Mama yake Sarah alikuwa akikaa New York. Basi vita, ambavyo viliigawa nchi, vilimgawa na yeye pia: mume upande huu, mama upande ule, na katikati majeshi mawili yenye bunduki.

Mwezi wa Januari 1865 alikwenda Richmond, mji mkuu wa serikali ya Kusini, kuomba cheti cha kupita mistari ya majeshi ili amfuate mama yake. Ombi lilikuwa dogo, lakini lilimfikisha mbele ya watu wakubwa. James Seddon, waziri wa vita, alikuwa na haja ya mjumbe. Mbele yake akamwona mwanamke wa umri wa miaka 21 au 22, mzaliwa wa Kaskazini, mwenye sababu ya kweli ya kusafiri kwenda New York na mwenye ulimi wa Kifaransa. Mtu kama huyo hapatikani kila siku. Aliyekuja kuomba njia akapewa njia na mzigo juu yake.

Mzigo wenyewe ulitokana na tukio la mwaka uliotangulia. Tarehe 19 Oktoba 1864 askari wa Kusini wapatao 20 na kitu, wakiongozwa na Bennett Young, waliushambulia mji mdogo wa St. Albans katika jimbo la Vermont, karibu na mpaka wa Kanada. Waliziibia benki 3 zaidi ya dola 200,000, wakamwua mtu mmoja, kisha wakakimbilia Kanada, nchi iliyokuwa chini ya Uingereza. Serikali ya Marekani ilidai warudishwe. Kesi ikasikilizwa Montreal, na mzizi wake ulikuwa swali moja: je, watu hawa ni wanyang'anyi au ni askari? Kama ni wanyang'anyi, sheria iliwataka warudishwe wakahukumiwe. Kama ni askari waliotenda kwa amri ya serikali yao, basi tendo lao lilikuwa la vita, na Kanada haikuwajibika kuwatoa. Mawakili wao walihitaji ushahidi kutoka Richmond, na Richmond ilikuwa imezingirwa na adui. Zaidi ya mjumbe mmoja alitumwa, ili akinaswa huyu afike yule. Sarah Slater alikuwa mmoja wao, na alifika Montreal katikati ya mwezi wa Februari. Mwisho wa mwezi wa Machi wafungwa waliachiliwa.

Njia aliyopita haikuwa ya kupitwa na mtu mwoga. Kutoka Richmond mjumbe alikwenda kaskazini mpaka mto Potomac, uliokuwa mpaka wa majeshi. Huko alivushwa usiku kwa mashua ndogo, huku meli za doria za Kaskazini zikizunguka. Mmoja wa wavushaji alikuwa George Atzerodt, fundi wa kutengeneza magari ya farasi, aliyekaa Port Tobacco upande wa Maryland. Kutoka hapo njia ilipita Surrattsville, palipokuwa na nyumba ya wageni ya ukoo wa Surratt, ikaingia Washington penyewe, mji mkuu wa adui. Baada ya hapo safari ilikuwa ya gari la moshi mpaka New York, kisha mpaka Montreal. Katika safari moja mjumbe alibadili mashua, farasi na gari la moshi, na kila mahali palikuwa na jicho la kumtazama.

Dhidi ya jicho hilo Sarah alikuwa na silaha mbili. Ya kwanza ilikuwa utaji, yaani kitambaa chepesi kinachoshuka kutoka kofia na kufunika uso. Katika mwaka wa nne wa vita wanawake wenye utaji mweusi walikuwa wengi mno, kwa maana karibu kila mtaa ulikuwa na matanga yake. Askari mwenye adabu hakuthubutu kumwambia mwanamke mwenye msiba afunue uso, na kumpekua nguoni lilikuwa jambo la aibu hata pale liliporuhusiwa. Vita vilivyowafisha waume ndivyo vilivyompa mjumbe pazia la kupitia. Silaha ya pili ilikuwa Kifaransa chake. Rafiki zake waliamini kwamba akikamatwa angeweza kujidai Mfaransa na kuomba ulinzi wa balozi mdogo wa Ufaransa, na serikali ya Washington isingependa ugomvi na Ufaransa kwa ajili ya msichana mmoja.

Habari hizo za balozi zinajulikana kwa ushahidi wa Louis Weichmann. Kijana huyu alikuwa mpangaji katika nyumba ya Mary Surratt, mjane aliyepangisha vyumba katika mtaa wa H mjini Washington. Mwana wa mjane huyo, John Surratt, alikuwa mjumbe wa siri wa Kusini. Naye Weichmann alikuwa karani katika wizara ya vita ya Kaskazini. Hivyo mezani pamoja walikula mtumishi wa serikali na watu waliotumikia adui zake. Weichmann alisema mahakamani kwamba Mary Surratt mwenyewe alimweleza habari za mgeni mwenye utaji, kwamba ni mchukuzi wa nyaraka, na kwamba akipata taabu atamkimbilia balozi wa Ufaransa. Maneno hayo, yaliyosemwa pengine kwa kujisifu kidogo, yalikuja kumgeukia aliyeyasema. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Lakini kata ikisema, mtungi huvunjwa.

Safari ya mwisho ilikuwa ya hatari kuliko zote. Mwezi wa Machi Sarah alikuwa amekwenda tena Montreal, na alirudi Washington akitazamiwa kupelekwa Richmond na Augustus Howell, mtu aliyezoea njia hiyo. Lakini tarehe 24 Machi Howell alikamatwa Surrattsville. Kesho yake John Surratt aliikamata kazi hiyo mwenyewe. Alipanda gari la farasi pamoja na mama yake na mwanamke mwenye utaji, wakatoka Washington. Mama akarudi peke yake, na mwana akaendelea na mgeni mpaka Richmond. Siku ile ile, tarehe 25 Machi 1865, Robert Cobb Kennedy, afisa wa Kusini aliyetumwa kutoka Kanada kuchoma hoteli za New York, alinyongwa katika ngome ya Fort Lafayette. Mwezi mmoja kabla yake John Yates Beall alikuwa amenyongwa kwa kosa la namna hiyo. Sarah Slater hakuwa mtoto asiyejua alichokishika. Alijua kwamba mwisho wa njia yake waweza kuwa kamba, naye akaenda.

Walifika Richmond tarehe 29 Machi. Judah Benjamin, waziri wa mambo ya nje, alimpa Surratt nyaraka za kupeleka Kanada na dola 200 za dhahabu, kama Surratt mwenyewe alivyosimulia katika hotuba yake ya mwezi wa Desemba 1870. Mji ulikuwa katika siku zake za mwisho. Usiku wa tarehe 2 Aprili serikali ilikimbia, na karatasi za idara yake ya siri zilichomwa moto. Tarehe 3 Aprili majeshi ya Kaskazini yaliingia, na jioni ya siku hiyo wasafiri walikuwa Washington, mji uliokuwa ukishangilia ushindi. Tarehe 4 Aprili walielekea New York. Surratt alifika Montreal tarehe 6 Aprili. Mwanamke wa utaji hakuonekana tena katika habari za vita. Serikali iliyomtuma ilikuwa haipo tena, karatasi zilizobeba jina lake zilikuwa majivu, na hakuna aliyebaki wa kumpokea taarifa.

Kama mambo yangaliishia hapo, jina lake lingalizama pamoja na serikali yake. Lakini tarehe 14 Aprili, siku tano baada ya Jenerali Robert E. Lee kusalimu amri, John Wilkes Booth alimpiga risasi Rais Abraham Lincoln ndani ya Ford's Theatre, na rais akafa asubuhi ya pili yake. Uchunguzi ukaelekea upesi nyumba ya mtaa wa H, kwa kuwa Booth alikuwa mgeni wake. Mary Surratt akakamatwa. Miongoni mwa mambo yaliyosemwa dhidi yake katika mahakama ya kijeshi ni kwamba aliwapokea watu kama yule mwanamke wa utaji. Tarehe 7 Julai 1865 alinyongwa pamoja na Lewis Powell, David Herold na George Atzerodt. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuuawa kwa hukumu ya serikali kuu ya Marekani. Watano kati ya maafisa tisa waliomhukumu waliomba apunguziwe adhabu iwe kifungo cha maisha, lakini hakupunguziwa.

Je, Sarah Slater alijua shauri la Booth? Hapa mwanahistoria hana budi kutembea polepole. Atzerodt alitoa maelezo tarehe 1 Mei 1865, ambayo yalipotea katika karatasi za wakili wake mpaka yakagunduliwa mwaka 1977. Katika maelezo hayo alisema kwamba Booth alimjua vizuri mwanamke huyo. Ni neno zito, lakini ni neno la mtu aliyekuwa akitafuta namna ya kuokoa maisha yake, na mtu wa namna hiyo husema kweli na uongo kwa pumzi moja. Kujuana na mwuaji si kushiriki mauaji. Kwa upande mwingine, watu walionyongwa mwezi wa Julai hawakupata nafasi ya kumwita shahidi huyu, aliyepanda gari moja na mama na mwana wa nyumba ile. Pengine angesema jambo la kumsaidia Mary Surratt. Pengine angeongeza kuni juu ya moto. Kilicho hakika ni kwamba utaji uliomficha mmoja haukumfunika mwingine. Mwenye kufungua mlango alikufa. Mwenye kupita mlangoni aliishi.

Aliishi muda mrefu. Katika karne ya 20 mtafiti James O. Hall aliunganisha vipande vya habari zake, vyeti vya ukoo na kumbukumbu za jeshi, akamtoa katika hadithi na kumrudisha katika historia kwa jina lake la kuzaliwa. Katika karne ya 21 uchunguzi mwingine uliufuata mkia wa habari hizo mpaka mwisho. Sarah aliachana na Rowan Slater, akaolewa tena, akabadili jina kwa ndoa kama wanawake wengi wa zama zake, na akafa mwaka 1920 Poughkeepsie katika jimbo la New York. Weichmann alikuwa amekufa mwaka 1902, na John Surratt mwaka 1916. Yeye aliwazika wote kwa kimya. Kitu kilichomficha kwa miaka 55 hakikuwa utaji tena, wala hati bandia, bali cheti halali cha ndoa. Wapelelezi walimtafuta Slater, na Slater hakuwapo.

Hata hivyo, mtu akitaka kupima kimya hicho sawasawa, yafaa akilinganishe na kingine kilichokuwa katika mji ule ule wa Richmond. Huko aliishi Mary Richards, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani katika nyumba ya ukoo wa Van Lew. Alisomeshwa Kaskazini, akapelekwa Liberia mwaka 1855, akarudi Richmond mwaka 1860, na wakati wa vita akawa katika kundi la siri la Elizabeth Van Lew lililopeleka habari kwa majeshi ya Kaskazini. Baada ya vita aliwafundisha watu waliotoka utumwani, na mwaka 1867 alikuwa na shule katika mji wa St. Marys, jimbo la Georgia. Baada ya mwaka huo nyaraka zinanyamaza juu yake. Watu wakaijaza nafasi hiyo kwa hadithi, hata wakampa jina la Mary Bowser na picha isiyokuwa yake.

Wanawake wawili hawa waliishi kwa siri katika vita vimoja, na wote wawili walitoweka. Lakini kimya chao si kimya kimoja. Sarah Slater alikuwa na vyeti vya ukoo, jina katika hesabu ya watu, ndoa zilizoandikwa na kaburi linalojulikana. Alinyamaza kwa hiari, na mtafiti mwenye subira aliweza kumfikia. Mary Richards alizaliwa katika hali ambayo sheria ya Virginia ilimtia katika daftari la mali, si la watu. Kimya chake hakikuwa chake peke yake. Sehemu kubwa alifanyiwa na wengine kabla hajazaliwa. Mmoja alilindwa na giza alilolichagua, na mwingine alifunikwa na giza alilokuta.

Kwa hiyo maisha ya Sarah Slater yanamfundisha mwanafunzi wa historia zaidi ya kisa cha mashua za usiku na barua zilizoshonwa nguoni. Yanamfundisha kuiuliza kila siri maswali yake: ilikuwa ya nani, iliwekwa kwa faida ya shauri gani, na deni lake lililipwa na nani. Siri ya mwanamke wa utaji ilikuwa ya serikali iliyotaka watu milioni 4 wabaki watumwa. Serikali hiyo ilikufa mwaka 1865, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo katiba ya Marekani ilibadilishwa kuupiga utumwa marufuku. Mjumbe wake aliishi miaka 55 zaidi katika amani ya nchi aliyotumwa kuidhuru, bila ya mtu kumgongea mlango. Deni lake, kama lilikuwapo, lilikuwa limekwisha lipwa mtaani Washington na mwanamke aliyemfungulia.